Kabla Sijaigusa Fimbo ya Muzee Sebahire

Maneno ya Yuma Musafiri, mpagazi, siku ya kumuaga kapita Sebahire. Goma, 1956.

Mheshimiwa Bwana Administrata, Bwana Direkta wa biro yetu ya safari za milimani, Padri, wazee wa mitaa, na ninyi wafanyabiashara mliofunga maduka mapema kwa ajili yetu, mabwana wageni watatu mnaoanza safari kesho, Muzee Sebahire, kapita wetu, mkuu wa wapagazi, pamoja na mkewe, mama yetu Mukamurenzi, na ninyi ndugu zangu wapagazi, mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, kama vinavyokwisha kila mara vikikaribia kutufikia: nawasalimu wote.

Jina langu ni Yuma Musafiri. Kwetu ni upande wa Kasongo, Maniema. Nilikuja hapa kuvunja mawe ya lava kwenye barabara ya Sake, kazi ya msimu mmoja kama nilivyoambiwa, na msimu huo haujaisha mpaka leo. Shule niliiacha katikati. Nasoma polepole, na Kifaransa nakifahamu pale tu kinaponikaripia. Kwa hiyo nitasema Kiswahili, na Karani Grégoire, aliyesimama kando ya Bwana Direkta, atatafsiri. Karani, nakuomba jambo moja mbele ya watu: usinilainishe. Nikisema jiwe, usimpe Bwana Direkta mkate.

Waliotangulia wamesema vizuri. Wamesema kwamba Muzee Sebahire amezeeka, magoti yamechoka, na sasa ni wakati wa kwenda kwake Jomba kukaa na wajukuu na kutazama maharage yake yakiota. Amepewa biskeli mpya, inayong'aa, na tunashukuru. Waliowahi kufika Jomba wanakijua kilima cha nyumbani kwake: Muzee ataisukuma biskeli wakati wa kupanda, na biskeli itamsukuma Muzee wakati wa kushuka. Cheka, Mama Mukamurenzi, lakini nadhani wewe ndiye utakayeibeba.

Mimi nimeitwa hapa kwa mambo mawili: kumshukuru Muzee, na kuipokea fimbo yake. Ni ile pale mezani, yenye chuma kwenye ncha. Anayeishika ndiye kapita, ndiye anayetangulia kwenye barafu na kuipiga kabla mwingine hajaikanyaga. Mmekwisha kuona kwamba Bwana Direkta aliponinyoshea, nilivua kofia, nikainamisha kichwa, lakini mikono yangu niliiacha nyuma ya mgongo, mpaka akairudisha mezani. Najua wageni wamefikiri ni haya ya mtu wa kazi. Wapagazi hawakufikiri hivyo. Wao walinyamaza wote kwa mara moja, na ninyi mliusikia ukimya ule. Nitaueleza.

Kwetu wapagazi, asubuhi mizigo inapangwa chini kwenye mstari, na watu wanaizunguka kama wanunuzi wa mbuzi. Hapo kila mtu ana ruhusa ya kusema anachotaka, na tunasema kwelikweli. "Sanduku hili mumetia mutu ndani?" "Mupishi, sufuria zako zinazaa zikiachwa peke yao?" "Hema hiyo sibebi, imekunywa kuliko mwenyewe." Mtu anaweza kuukataa mzigo, kuutukana, kumtukana aliyeufunga, na hakuna anayekasirika. Lakini akishaweka kiganja juu yake, ameukubali, na mdomo umefungwa mpaka kambi ya jioni. Njiani halalamiki, haombi kubadilishiwa, hasemi ni mzito. Desturi hii niliikuta kwetu kwa babu zangu waliobeba kwenye misafara ya zamani, nikaikuta tena hapa kwa watu wa Rutshuru na wa Masisi, wala sijui nani alimfundisha nani. Ni heshima yetu. Mpagazi hana ng'ombe, hana duka, hana cheti cha shule. Ana hilo moja, kwamba akishagusa, hasemi.

Ndiyo maana fimbo bado iko mezani. Nikiigusa, nimekubali. Na mimi bado nina maneno.

Ndugu wageni waalikwa, habari ya safari ya kiangazi kilichopita mmeisikia kwa vipande. Mimi nilikuwamo, basi niwape nzima.

Tulitoka hapa kwa kamyo, tumekaa juu ya mizigo nyuma ya dereva, tukapita Rutshuru, tukavuka uwanda wa Rwindi wenye nyati, tukapanda zile kona za Kabasha ambapo hata wasioomba huomba, mpaka Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Kutoka pale ni miguu. Kwanza msitu, halafu matope, halafu mianzi, halafu miti yenye ndevu inayodondosha maji hata mvua ikiwa imekatika, halafu mawe, na juu ya mawe barafu. Mgeni wetu alikuwa bwana mmoja kutoka Anvers, Ubelgiji, mtu mrefu, mpole, anayesema asante kwa kila kikombe cha chai. Alikuwa amekiota kile kilele tangu utoto wake. Alituambia hivyo mwenyewe, na tukamwamini.

Sisi wengi ni watu wa lava. Tunalijua jiwe linalokata na jiwe linalochoma. Barafu hatukuijua. Barafu haikati wala haichomi. Inakuondolea mguu polepole, huku ikikwambia kwamba hakuna lililotokea.

Mwenzetu Harelimana ni yule aliyekaa mbele pale, mpagazi pekee mwenye kiti leo. Sasa mtajua kwa nini. Biro ilitupa viatu, na tunashukuru, lakini vilikuja kama vile miguu ya watu weusi yote ilitoka katika kiwanda kimoja. Harelimana, ambaye miguu yake ni kama makasia, alivijaribu, akavifunga shingoni, akazungushia miguu magunia. Katika matope haikuwa neno. Asubuhi ya kambi ya mwisho, chini kidogo ya barafu, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, hema kubwa limelowa mpaka kwenye mishono, na watu walilizunguka na kulipita, wakalizunguka na kulipita. Akaja Harelimana. Akalitazama, akasema, "Masikini hema, wote wamekukimbia. Kuja, nikuoe miye." Akaweka kiganja. Tulicheka mpaka mpishi akamwaga chai. Na hilo ndilo neno lake la mwisho kwa muda wote aliolibeba.

Tukaingia kwenye barafu. Mbingu zilifunguka, kilele kikaonekana karibu, cheupe, kama kitu ambacho mtu angeweza kukishika. Muzee Sebahire mbele na fimbo ile, yule bwana nyuma yake, sisi kwenye mstari. Kila tuliposimama kupumua, tuliruka-ruka kama kuku juu ya majivu ya moto. Sote, isipokuwa mmoja. Muzee aligeuka, akatutazama, akarudi nyuma akipita kando ya mstari mpaka kwa Harelimana, aliyesimama wima, ametulia, mzigo mgongoni, anatabasamu.

"Harelimana, miguu yako inasema nini?"

Kimya. Alikuwa amegusa.

"Ninakuuliza, mutoto wa mama. Unaisikia ama huisikii?"

Kimya, na tabasamu lile lile.

Hapo Muzee Sebahire akafanya jambo ambalo sisi hatukuwahi kuliona. Akaishika kamba ya mzigo kwenye paji la uso la Harelimana, akaivua kwa mkono wake mwenyewe, na hema likaanguka. Mabwana, kwetu kumvua mtu mzigo njiani ni kubaya kuliko kumpiga kofi mbele ya wakwe zake. Harelimana alilia. Hakuililia miguu. Alisema, "Papa, umeniua mbele ya watu."

Muzee akasema, "Afazali nikuue miye mbele ya watu, kuliko barafu ikuue nyuma ya mugongo wangu."

Halafu akamwendea yule bwana. "Bwana, tunarudi."

"Turudi?" bwana akasema. "Kilele kile pale, Sebahire. Kile pale."

"Ninakiona, Bwana. Na miguu ya mutu huyu ninaiona pia."

Yule bwana alikaa chini kwenye theluji, kama mtu aliyekataa kutoka msibani. Muzee hakumpigia kelele. Alitugeuza sisi, mstari mzima, na mtu hawezi kukaa peke yake kwenye barafu wakati chakula chake kinashuka mlima. Akatufuata.

Tulishuka mpaka chini ya mwamba uliotukinga na upepo. Muzee akafungua shati lake, akaiweka miguu ya Harelimana juu ya tumbo lake mwenyewe, akakaa hivyo mpaka jua likageuka, meno yakigongana, na hakuna aliyethubutu kufanya mzaha. Yule bwana wa Anvers naye, nisimwonee, alivua soksi zake ndefu za sufu akazitoa bila kuombwa. Vidole vingine vilibaki hospitali. Lakini miguu ilirudi nyumbani kwa mkewe Donatille, na Donatille huyu hapa, na mtoto mgongoni ambaye baba yake anambeba akitembea. Anachechemea, ndiyo, lakini anatembea.

Tulipofika Goma, yule bwana alikwenda biro akasema kwamba alilipia kilele akapewa mwamba. Mimi ninamwelewa. Mtu avuke bahari, avuke nchi nzima, afike mahali ambapo anaona alichokitafuta, halafu mzee mwenye fimbo amwambie basi. Ningekuwa yeye, ningekaa kwenye theluji vile vile. Lakini tangu siku ile ndipo tulipoanza kusikia neno jipya katika biro: Muzee amechoka.

Amechoka? Mimi nimechoka. Nimechoka tangu barabara ya Sake. Mama yangu alizikwa Kasongo, na habari ilinifikia kwa mtu wa kamyo aliyekuwa akimtafuta mtu mwingine kabisa. Shingo yangu haigeuki tena upande wa kushoto. Mwaka huu nilikwisha kuazimia kurudi kwetu. Ninaujua uchovu, ninaweza kuutambua kwa mtu kutoka mbali, na ninawaambia kwamba mzee aliyekaa na miguu ya mwenzake tumboni hakuwa amechoka. Tumuage kwa heshima zote, tumpe biskeli, tumwimbie. Ila tusimuage kwa sababu isiyo yake.

Karani, mbona umenyamaza? Tafsiri hilo pia. Ndiyo. Asante.

Sasa nakuja kwenye fimbo. Wiki hii Bwana Direkta aliniita. Alisema nami vizuri, alinipa kiti. Akaniambia: Yuma, fimbo ni yako, na sharti ni moja, kwamba msafara hautageuka nyuma mpaka mgeni mwenyewe akubali. Nikamwambia nitajibu siku ya kumuaga Muzee. Nadhani alifikiri nakwenda kutafuta maneno ya shukrani. Bwana Direkta, nilikuwa natafuta mashahidi. Hawa wote ni mashahidi.

Mabwana wageni watatu, msinielewe vibaya. Viatu vyenu ni vizuri, nyuso zenu ni nzuri, na jana mmoja wenu alinisaidia kufunga kamba. Lakini kule juu mtavuta pumzi kama samaki waliotupwa pwani ya Vitshumbi. Kichwa kitawauma, kilele kitawaita kwa majina yenu. Je, mtu aliye katika hali hiyo ndiye wa kuulizwa kama turudi? Je, atawaona walio nyuma yake, wakati macho yake yote yako mbele? Si kwamba ninyi ni wabaya. Ni kwamba migongo yenu ndiyo inayotutazama sisi.

Jibu langu ni hili. Nitawatangulia. Nitaipiga barafu kabla hamjaikanyaga, na shimo likiwapo nitakuwa wa kwanza kuliona au wa kwanza kuanguka. Siku mlima utakapofunguka nitawafikisha mpaka pale ambapo hakuna tena pa kupanda, na nitafurahi pamoja nanyi. Lakini nikisema tugeuke, tutageuka, awe amechoka mgeni au awe amechoka mpagazi, wala sitamwomba mtu ruhusa. Kama hilo haliwezekani, fimbo na ibaki mezani apewe mwingine, na mimi nitapanda kamyo ya kwanza inayoelekea kwetu. Bwana Administrata, kama nimesema kwa ukali mbele yako, unisamehe ukali. Maneno yenyewe siyarudishi.

Nasikia makofi huko nyuma. Ndugu zangu wapagazi, msipige makofi mapema. Sasa nageuka kwenu.

Nani aliyevikata vidole vya Harelimana? Barafu peke yake? Viatu vya biro peke yake? Muzee alimuuliza, akamuuliza tena, na yeye akanyamaza, na hakunyamaza kwa ujinga. Alinyamaza kwa ajili yetu. Alijua kwamba angefungua mdomo, jioni tungemtafuna kambini, na tungemtafuna tena Goma, na mpaka leo angeitwa yule aliyelilia hema. Alitoa vidole vyake ili tusimcheke. Ninyi mnaona ni biashara nzuri hiyo?

Basi, kama nitakuwa kapita, sharti langu la pili ni lenu. Kuanzia kesho, mtu akishagusa mzigo ana ruhusa ya kusema. Mguu ukifa, sema. Kifua kikikaza, sema. Atakayemcheka aliyesema atabeba mzigo wa huyo juu ya wake, na nitamfunga kamba mimi mwenyewe. Najua ninachowaomba. Nawaomba kitu ambacho babu zetu walitembea nacho, na labda ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyewahi kutunyang'anya. Nimekifikiria njia nzima kutoka Mutwanga na miezi yote baada yake, na bado nawaomba.

Nani huyo anasema, "Basi tutakuwa wanawake"? Kataliko, ni wewe? Simama tukuone. Ndugu yangu, umewahi kukaa barabarani asubuhi ya soko? Wanawake wanashuka kutoka Kibumba na viazi mgongoni, mtoto juu ya viazi, na wanasema njia nzima: wanasema mume, wanasema wifi, wanasema mguu unauma, wanasema pumzika kidogo dada tubadilishane. Na viazi vinafika. Umewahi kula kiazi kilichobaki njiani kwa sababu mama alisema? Kaa, Kataliko. Mama Donatille anakucheka, na ana haki.

Basi nimemaliza maneno ya kabla. Bwana Direkta, watu wote wanakutazama, na hilo si kosa lako, ni langu. Naomba jibu. Karani, msikilize vizuri.

Amesema nini?

Amesema, "Safari hii ya kesho, Yuma aamue yeye. Akirudi tutazungumza tena." Hivyo ndivyo alivyosema, Karani? Hukuongeza sukari? Vizuri. Bwana Direkta, nakushukuru. Nilikuomba njia nzima, umenipa mwanzo wake, nami nitauchukua. Nikirudi tutazungumza tena, na nitarudi. Kamyo ya Maniema itanisubiri kidogo, imezoea.

Na ninyi huko nyuma? Sihitaji makofi. Anayekubali na anyoshe mkono. Kataliko pia? Nimekuona. Unaunyosha kama mtu anayekuna kichwa, lakini nimekuona.

Muzee Sebahire, papa. Sikujua nikushukuru kwa maneno gani, kwa hiyo nimeomba kazi yako niifanye kama ulivyoifanya. Ulimvua mtu mzigo, na kwa hilo wamekuvua fimbo. Nenda Jomba salama. Ukisikia kwamba msafara wa Yuma umegeuka chini ya kilele, usiulize kama nimechoka. Uliza miguu ya nani ilikuwa imekufa.

Sasa nakwenda mezani.

Nimeigusa. Kiganja changu kiko juu yake, mnaona wote. Na mnasikia kwamba bado nasema. Mbingu hazijaanguka. Ziwa liko pale pale.

Harelimana, ndugu yangu, uliligusa hema siku ile, na toka wakati ule hatujakusikia hata neno moja juu ya mzigo ule. Watu wote wako hapa, hakuna atakayecheka. Useme sasa.

Kwa sauti, wa nyuma hawakusikia.

Anasema, "Lilikuwa zito."

Mmesikia? Lilikuwa zito.

Mheshimiwa, Bwana Direkta, Padri, wageni, wazee, mama zetu, asanteni kwa kunipa masikio yenu muda huu wote. Wapagazi, kesho asubuhi nitayahitaji mabega yenu, na midomo yenu pia.